Mbona udongo ulioganda bado husogea?

Ndugu, umeuliza inakuwaje udongo ulioganda wenye hidreti ya methani (aina ya barafu yenye gesi ndani), mgumu kama jiwe, ukajongea. Hujongea kwa sababu barafu si jiwe. Hapa Dunga, Kisumu, wauza samaki hupanga mabonge ya barafu kwenye kreti. Yakishalaliana usiku kucha, asubuhi yameshikana na kingo zimelegea. Vivyo hivyo, kwenye udongo ulioganda huko Siberia, au kwenye delta ya mto Mackenzie, Kanada, chembe za mchanga zimezungukwa na utando mwembamba wa maji ambayo hayajaganda hata chini ya nyuzi sifuri. Mzigo ukikaa miaka, chembe huteleza kwenye utando huo: mwanzoni haraka, kisha taratibu kwa muda mrefu, na mzigo ukizidi mwendo hushika kasi tena hadi udongo ukatike.

Hidreti yenyewe ni fuwele za maji zilizofungia methani ndani, na vipimo vya maabara vimeonyesha inastahimili mzigo zaidi ya mara 20 kuliko barafu tupu. Kwa hiyo ikiwepo, udongo hukaza. Ninachokihofia mimi ni ikiyeyuka: mita moja ya ujazo hutoa takriban mita za ujazo 160 za gesi, shinikizo hupanda kati ya chembe, na bomba la kisima kilichochimbwa humo hupinda.

Na usihofu kuhusu Ziwa Victoria, maji yetu ni ya joto mno na kina hakifiki mita 100, hivyo hidreti haiwezi kujiunda humo.