Mbeleko, mfuko na panya buku

Mwalimu mmoja wa sekondari huko Tukuyu anauliza: "Mwanafunzi wangu kaandika, 'Mabaki ya panya wenye mbeleko yalipatikana Australia.' Alikusudia jamaa wadogo wa kangaruu. Wenzake wengine wanataka mfuko, na mmoja kasema basi hata panya buku wetu yumo. Tuandikeje?"

Mwalimu, mbeleko inatokana na beleka, yaani kubeba mtoto mgongoni. Ni nguo. Mama anayetoka sokoni Tukuyu mvua ikinyesha huinama, humweka mtoto mgongoni, hukaza khanga kifuani. Akifika nyumbani huifungua. Kangaruu hana cha kufungua. Mfuko wake ni ngozi ya tumboni, na kitoto huingia humo kikiwa bado kichanga mno, kikashika chuchu na kukulia hapo hapo. Andikeni mfuko.

Aliyemtaja panya buku mpongeze kwa niaba yangu, kagusa penyewe. Panya buku ana mifuko kweli, ila iko mashavuni, ya kubebea chakula. Ndiyo maana mimi hulikamilisha jina: wanyama wenye mfuko wa kulelea.

Neno panya liondoeni. Djarthia, jamaa mdogo wa kale wa kangaruu aliyepatikana Murgon, Queensland, huko Australia, kwenye tabaka la miaka milioni 55 hivi, alikuwa na umbo dogo kama la panya, lakini ukoo wake si wa panya, ni mwingine kabisa. Na mfuko wake hakuna aliyeuona, maana ngozi huoza. Katambuliwa kwa meno na vifupa vya kifundo cha mguu. Jamii ya wenye mfuko wa kulelea kwa kawaida ina magego 4 ya nyuma kila upande wa taya. Sisi tuliolelewa kwa kondo la nyuma, wengi wetu tuna 3.

Mabaki si kosa, ila ni neno pana mno: hata mifupa ya kuku wa jana ni mabaki. Kisukuku ni kile kilichohifadhiwa mwambani tangu kale, kiwe mfupa au alama tu. Nyayo za Laetoli ni visukuku. Taya la Galulatherium, mamalia wa kale aliyepewa jina la Galula, hapo jirani yenu Songwe, nalo ni kisukuku, ingawa yeye si wa ukoo wa kangaruu.

Basi sentensi ya kijana iwe: "Visukuku vya mnyama mdogo wa jamii ya wenye mfuko wa kulelea vilipatikana Australia." Hilo "wa jamii ya" msilifute, mwamba umetupatia meno, haukutupatia mfuko.