Muulize Mwalimu: Duka la kichochoroni

SWALI: Mwalimu, assalaam alaykum. Shemeji yangu mdogo anasoma chuo kikuu Nairobi. Likizo hii ameuchora mtaa wetu wa Mkomani wote kwa vidoti na mistari, kisha akamwambia mume wangu asifungue duka kichochoroni kwetu, eti "kina chake ni kikubwa." Yeye hajawahi kuuza hata kiberiti! Hiyo ni hesabu kweli?
– Mke wa mwenye duka, Lamu

JIBU: Waalaykum salaam, mwanangu. Ni hesabu, tena ya zamani. Mwaka 1736 mwanahisabati Leonhard Euler alitatua fumbo la madaraja 7 ya mji wa Königsberg, kama mtu aweza kuyavuka yote mara moja moja tu, kwa kutazama jambo moja tu: kipi kimeungana na kipi. Watafiti Bill Hillier na Julienne Hanson wa London wakaja kuupeleka mtindo huo mitaani na vyumbani, kitabu chao kikatoka 1984.

Kina, yaani umbali wa njia moja na nyingine zote, huhesabiwa kwa kona, si kwa hatua. Tuseme vichochoro viwili vinatokea Usita wa Mui, njia kuu ya mji, na kimoja kina kichochoro kingine nyuma yake. Ukianzia Usita, kona ni 1, 1 na 2, jumla 4. Ukianzia kule nyuma ni 1, 2 na 3, jumla 6. Jumla ikiwa ndogo, watu hukatiza hapo hata bila kukusudia. Kwa duka la soda, kijana yuko sawa. Fundi kofia angekaa huko huko nyuma bila hasara, maana yeye hutafutwa kwa jina.

Ila muulize: wikio, vile vyumba vinavyokatiza juu ya njia, amezichora? Nina wasiwasi. Vijana hawa hupenda kuchorea picha za setilaiti, na ukitazama toka juu wikio ni paa tu. Nyumba mbili zilizounganishwa ghorofani kupitia juu ya njia, kwake zaweza kuwa mbali kona tatu. Kwa mabibi waliotembeleana bila kushuka mtaani ni mlango mmoja. Kwa hiyo Mkomani ina michoro miwili, wa chini na wa juu, na hesabu zake hazilingani hata kidogo. Yeye amekuleteeni nusu.

Arudi kwa bibi yake na kalamu ya rangi nyingine, aonyeshwe hata palipozibwa. Mume wako naye, kabla ya kulipia kodi, akae barazani jioni mbili tatu ahesabu wanaopita. Jamaa zenu wa kukopa asiwahesabu.