Kilatini cha The Name of the Rose kisikutoe mbio

Ndugu, unasema umekwama ukurasa wa 60 wa riwaya ya Umberto Eco kwa kuwa kila sentensi ya Kilatini inakurudisha kwenye kamusi. Weka kamusi kando. Soma hadi mwisho wa mazungumzo. Mara nyingi majibu ya wahusika yanatosha kukupa maana. Mtawa Salvatore ndiye usihangaike naye kabisa: anachanganya lugha kama togwa, na hata Adso anayesimulia anakiri hajui mwenzake anasema lugha gani.

Ugumu wa mwanzo ulikusudiwa. Eco alishauriwa afupishe kurasa 100 za kwanza akakataa, akisema anayetaka kuishi siku saba kwenye abasia (monasteri) ya hadithi hii lazima akubali mwendo wake.

Kwa maoni yangu kinachokwamisha watu zaidi ni historia. Ni mwaka 1327: Papa Yohane wa 22 yuko Avignon, anagombana na watawa Wafransisko kuhusu iwapo Kristo na mitume walimiliki mali au la, huku mfalme Ludwig wa Bavaria akiwaunga mkono watawa hao. Tumia nusu saa kusoma habari za mgogoro huo, kisha urudi. Sura zimegawanywa kwa saa za sala. Aliyewahi kusali masifu na Wabenediktini wa Ndanda au Peramiho atajisikia nyumbani.

Kilatini cha kutafutia tafsiri kwa dhati ni mstari wa mwisho wa kitabu. Ila usiuchungulie sasa!