Nosferatu haichoshi, kinachochosha ni nakala mbovu

Swali la wiki hii liliuliza: filamu ya zamani ya mnyonya damu, ya fedha kidogo na mwendo wa kobe, itazamwe vipi watu wasisinzie? Najibu kwa Nosferatu ya mwaka 1922, ya Mjerumani F. W. Murnau, filamu bubu ambayo nakala mbovu huiua kabisa.

Tazama kwanza urefu. Kamera za enzi zile zilizungushwa kwa mkono. Kwa picha 18 kwa sekunde, filamu hii huchukua kama dakika 94. Nakala nzima inayomalizika kwa dakika 70 hivi inakwenda kwa picha 24, watu wanarukaruka na hofu inageuka kichekesho. Kwenye VLC, programu ya kuchezea video, shusha kasi hadi 0.75, uzime na muziki uliobandikwa. Gari la farasi la msituni bado litakwenda mbio, na miti itaonekana myeupe chini ya anga jeusi. Hapo hakuna hitilafu, Murnau alikusudia.

La pili, na ndilo zito, ni rangi. Filamu za wakati ule hazikuweza kunasa giza, na kumulika mtaa mzima kwa taa kulihitaji fedha nyingi. Kwa hiyo matukio ya usiku yalipigwa mchana, kisha yakatiwa buluu; ndani kwenye taa ni manjano, alfajiri ni waridi. Nakala isiyo na rangi hizo inamwonyesha mnyonya damu akibeba jeneza lake mitaani kama saa sita mchana, halafu mwishoni anauawa na mwanga wa jua! Nani ataelewa? Kufa kwa jua ndiko kulikoletwa na filamu hii, maana katika riwaya ya Bram Stoker ya 1897, ambayo ndiyo chimbuko la filamu hii, mnyonya damu Dracula hutembea hata mchana.

Usiivute picha ijaze runinga. Umbo lake ni 4 kwa 3. Ukilitanua, Max Schreck, mwigizaji wa mnyonya damu, aliyekonda na mwenye vidole virefu, anageuka bonge la mtu. Kwa prajekta, shuka nyeupe iliyopigwa pasi inatosha: upana mita 2, kimo mita 1.5. Hapa Moshi anza saa moja na nusu usiku, giza limeshakamilika. Masika ni msimu mzuri sana kwa filamu bubu, kwani mvua ikipiga mabati hakuna mazungumzo ya filamu yanayopotea.

Maandishi ya kadi zinazotokea kati ya picha yasomwe kwa Kiswahili na mtu mmoja. Tumezoea madijei wa vibanda umiza wanaojaza kila pengo. Huyu asome kadi tu, kisha anyamaze. Aandike tafsiri mapema, kwa sababu barua na kurasa za kitabu cha wanyonya damu ni ndefu. Filamu imegawanywa katika vitendo vitano, hivyo chai iletwe kati ya kitendo na kitendo. Isiletwe wakati wa safari ya meli: mabaharia wanapungua mmoja mmoja, na ukikatiza hapo itabidi urudishe nyuma.