Karakana Yajibu: Betri ya Lithiamu Kwenye Pikipiki ya Kujenga

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa wanaokata fremu, kufupisha kiti na kutafuta pa kuficha betri. Tukisema "lithiamu" humu tunamaanisha ile ya chuma na fosfeti, inayoandikwa LiFePO4 au LFP ubavuni. Ina seli nne zilizoungwa mfululizo, kila moja volti 3.2, jumla 12.8. Ikijazwa kabisa kwenye chaji hufika 14.6. Lithiamu za aina nyingine zimo kwenye swali la tatu, na hatuzisifii.

Habari za kazi, mafundi. Nimeivua Boxer 150 yangu iwe kafe-resa, ile ya mtindo wa resi, na boksi la betri halina pa kukaa tena. Duka moja Kariakoo wananiuzia betri ya lithiamu ndogo kama pakiti ya sukari ya nusu kilo, imeandikwa 12Ah. Ni kweli au napigwa? *Msomaji, Tabata*

Betri inaweza kuwa nzima, ila hiyo namba siyo unayoidhania. Watengenezaji wengi huandika Ah (ampea-saa, yaani kiasi cha umeme betri inachobeba) za kulinganisha, wakimaanisha kwamba betri hii inawasha injini kama ambavyo betri ya risasi ya 12Ah ingewasha. Umeme uliomo kweli ni kama theluthi ya hapo, 4Ah hivi. Igeuze, tafuta palipoandikwa Wh, yaani wati-saa, kisha gawanya kwa 12.8. Ikiwa 51Wh, una 4Ah. LFP yenye 12Ah halisi ina zaidi ya 150Wh na uzito wake ni kilo moja na nusu hivi, kwa hiyo ya nusu kilo haiwezi kuwa nazo hata muuzaji aape. Betri isiyo na Wh popote iache hapo hapo kaunta.

Kwa kuwasha tu, hizo 4Ah zinakutosha na kubaki. Betri ya risasi volti zake huporomoka selfu inapobonyezwa, lithiamu huporomoka kidogo sana, ndiyo maana ndogo inafanya kazi ya kubwa. Tatizo ni injini ikiwa imezimwa. Taa ya mbele ya wati 35 inavuta karibu ampea 3, kwa hiyo saa moja na dakika ishirini hivi betri imekwisha. Kama una kawaida ya kukaa kijiweni spika ikipiga kwa betri ya pikipiki, 4Ah itakuaibisha mbele za watu.

Ila usilipe kwanza. Soma jibu linalofuata.

Najenga Honda CB750 ya 1976. Fremu imeshapakwa rangi, waya natandika upya. Nikiweka lithiamu ya kisasa kwenye mfumo wa chaji wa zamani itadumu? *Msomaji, Mbezi Beach*

Itadumu ukipima, na kwa mashine ya umri huo ukiacha kupima utaiua ndani ya miezi. Betri ya risasi ni mvumilivu: ukiizidishia volti inachemka, unaongeza maji, maisha yanaendelea. Lithiamu haina maji ya kuongeza. Kila seli ikipita volti 3.65 inaanza kuharibika ndani kimya kimya, na ukiilazimisha volti 15 kwenda juu kila siku itavimba.

Upimaji unahitaji mita ya kawaida ya umeme, ukiwa bado na betri yako ya zamani iliyo nzima. Endesha dakika kumi na tano hivi hadi injini na rektifaya (inayogeuza AC ya alteneta kuwa DC) zipate moto, maana regyuleta (kidhibiti cha volti) mbovu nyingi husoma vizuri zikiwa baridi. Weka mita kwenye volti 20 za DC, shika vichwa vya betri vyenyewe, siyo waya wa karibu. Soma injini ikiunguruma taratibu, kisha mizunguko 3,000, kisha 5,000, taa ikiwaka na ikiwa imezimwa. Unatafuta 13.8 hadi 14.4 kwenye mizunguko ya juu. Ikifika 14.6 una kazi ya kufanya kabla ya kununua. Ikipita 14.8, lithiamu sahau kwanza. Isipovuka 13.4 haitaiunguza betri, lakini pia haitaijaza kamwe. Mwisho, geuza mita iwe AC ukiwa pale pale kwenye vichwa. Ikisoma zaidi ya nusu volti, kuna dayodi imekufa kwenye rektifaya.

Sasa CB750 yako yenyewe. Alteneta yake haina sumaku ya kudumu, ina koili inayolishwa umeme na regyuleta, na regyuleta ya kiwandani ni ya kontakti zinazofunguka na kufunga. Baada ya karibu miaka hamsini kontakti hizo zimechimbika na chemchemi imelegea. Weka regyuleta ya elektroniki na rektifaya mpya kwa pamoja. Usikubali kuuziwa rektifaya ya pikipiki za sumaku, kama FH020AA ya Shindengen, ambayo ni nzuri sana lakini kwenye mashine yake. Haijui kuilisha koili.

Wajenzi wengi hukwama mahali pengine kabisa. Regyuleta ya CB750 husoma volti kupitia waya mweusi unaotoka kwenye swichi ya funguo. Swichi ikiwa na kutu, au soketi ikilegea, volti hushuka njiani. Betri ina 14.3, waya mweusi unasoma 13.6, regyuleta inadhani betri ina njaa na kuzidi kuisukuma. Fundi hubadilisha regyuleta mara mbili, ya tatu, na betri inaendelea kupikwa. Pima tofauti kati ya kichwa chanya cha betri na waya mweusi pale kwenye regyuleta, funguo ikiwa imewashwa. Ikizidi volti 0.3, usihangaike na swichi. Weka rilei ndogo, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme: swichi ya funguo iamrishe rilei, na rilei ichukue umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri kupitia fyuzi.

Jambo la pili ni foleni. Alteneta hii inazalisha kidogo sana injini ikiunguruma taratibu. Taa ya wati 55 ni zaidi ya ampea 4, koili ya alteneta yenyewe inakula karibu 2, moto wa plagi juu yake. Ukisimama Mwenge au Ubungo nusu saa, betri ndiyo inayolipa. Taa ya LED ya mbele hupunguza deni hilo kuliko kitu kingine chochote unachoweza kubadilisha. Kwa injini hii chukua betri yenye 5Ah halisi au zaidi na CCA (ampea za kuwashia injini) isiyopungua 200.

Ukishanunua, ijaze kwanza mezani kwa chaja ya lithiamu. Lithiamu iliyo tupu inameza ampea zote inazopewa, na alteneta, rektifaya na waya vyote hupata moto kwa pamoja safari ya kwanza.

Usijifariji pia kwamba betri ina saketi ya ulinzi, ile BMS. Volti zikizidi, saketi inakata na betri inajitoa kwenye mfumo ukiwa barabarani. Alteneta ikibaki peke yake volti hupaa ghafla, na kinachofuata ni balbu, kisha CDI (kifaa cha moto wa plagi) au kompyuta ya injini kwa pikipiki zilizo nayo.

Mimi ni fundi. Nina seli za laptop nyingi bado nzima. Je, naweza kuunga betri ya pikipiki mwenyewe? *Msomaji, Kinondoni*

Za laptop, hapana, na sababu ni hesabu tu. Seli hizo hujaa kwa volti 4.2. Ukiunga tatu mfululizo, zimejaa zikifika 12.6, na pikipiki inasukuma 14.4. Kila seli inapata 4.8, na kwa aina hii ya lithiamu huo ni moto chini ya kiti chako. Ukiunga nne hazitalipuka kwa chaji, kwa sababu kila moja inapata 3.6, lakini zitabaki nusu siku zote, na seli ya laptop haikutengenezwa kutoa mkondo wa selfu.

LFP unaweza, ila chagua seli za nguvu. Seli za silinda za 26650 za kampuni ya A123 zina 2.5Ah na zinatoa mkondo mkubwa bila kuchoka. Nane, mbili sambamba na nne mfululizo, zinakupa 5Ah. Zile kubwa za bapa zinazouzwa kwa ajili ya sola zina Ah nyingi, lakini nyingi zimepangwa kutoa mkondo mdogo kwa muda mrefu. Ukizivutia selfu zinashuka volti na kupata moto.

Kabla ya kuunga kwa kudumu, ziunge zote sambamba kwa muda na uzijaze hadi 3.65 ili zianze sawa. Usichome lehemu moja kwa moja kwenye seli, joto lake huharibu ndani. Tumia mashine ya kuchomelea kwa spoti, na ukanda wa nikeli wa tabaka kadhaa au wa shaba, kwa kuwa ukanda mmoja mwembamba kwenye selfu ni kama fyuzi. Toa waya mdogo kila kiungo cha seli ili upime moja moja kila baada ya miezi mitatu. Zikiwa zimejaa na kupumzika, zikitofautiana zaidi ya volti 0.1, zisawazishe kabla ya kuendesha.

Shikamooni. Nilikwenda Moshi Krismasi wiki mbili, niliporudi pikipiki haiwaki kabisa. Betri ni ya lithiamu, mpya. Jirani alitaka kuibusti kwa gari, nikamzuia. *Msomaji, Mwananyamala*

Marahaba, dada. Umefanya vyema kumzuia. Gari lililowashwa lingeisukumia betri ndogo iliyo tupu mkondo mkubwa mno kwa mara moja.

Tunahisi una kifaa cha kufuatilia pikipiki isiibiwe. Kifaa na saa ya dashibodi vikivuta miliampea 20 tu, betri ya 4Ah inaisha kwa saa 200, yaani siku nane. Betri yako ya zamani ya risasi ya 12Ah ingevumilia siku 25, ndiyo maana hukuwahi kuliona tatizo hili.

Pima volti kwenye vichwa. Ikisoma sifuri au namba ndogo isiyoeleweka, huenda saketi ya ulinzi imekata, na chaja ya lithiamu yenye uwezo wa kuiamsha itairudisha. Ikisoma kati ya 8 na 12, ichaji polepole, nusu ampea, juu ya saruji, mahali pa wazi, na uwepo. Ikipata joto au kutuna, ikatishe. Iliyolala chini ya volti 8 kwa siku kadhaa usiirudishe kwenye pikipiki hata kama imekubali chaji. Na chaja ya betri za maji yenye kitufe cha kufufua usiiguse kabisa, kwa kuwa hupiga volti zaidi ya 15.

Ukiipima siku nyingine kumbuka kwamba 12.8 kwa betri ya maji ni kujaa, kwa lithiamu ni kubaki na robo au chini ya hapo. Lithiamu iliyojaa na kupumzika husoma 13.3. Ukisafiri tena, chomoa kichwa hasi.

Naishi Kigamboni, navuka kwa kivuko kila siku. Betri nimeilaza ubavu chini ya injini, kwenye kisanduku cha bati. Kuna ubaya? *Msomaji, Kigamboni*

Kulaza si tatizo, haina maji ya kumwagika. Tatizo ni joto na chumvi. Tuliopo pwani hatuna habari na ule udhaifu wa lithiamu kwenye baridi unaowasumbua Wazungu. Sisi joto ndilo linalotumaliza. Betri hizi hazitaki kuvuka nyuzi 60, na kisanduku cha bati karibu na ekzosi kinafika huko foleni ya mchana. Endesha saa saba mchana, simama, weka kiganja juu ya betri. Ukishindwa kukiacha hapo, ihamishe, au weka bamba la alumini la kukinga joto lenye nafasi ya hewa pande zote mbili. Kisanduku kitobolewe chini maji yatoke, na betri ikae kwenye sponji ngumu ya mpira isigongane na bati.

Chumvi hula vichwa. Ukiona ukungu wa kijani, fungua hasi kwanza, kisha chanya, sugua kwa brashi ya waya, kaza, halafu paka vaselini juu. Kurudisha ni chanya kwanza. Bolti za vichwa hivi ni ndogo na uzi wake ni shaba laini, kwa hiyo spana namba 10 ishikwe kwa vidole, siyo kwa ngumi. Waya mnene wa selfu ukae chini kabisa, ukigusa kichwa cha betri chenyewe, na vijiwaya vya honi na taa juu yake. Ukiupanga kinyume, mkondo wa selfu unapita kwenye vipande vyembamba, kichwa kinapata moto na plastiki inayeyuka. Chanya kifunikwe kwa mpira, hasa kama kisanduku kinabaki cha bati.

Kaka yangu anarudi kutoka Dubai. Anaweza kuniletea betri ya lithiamu kwenye begi? *Msomaji, Sinza*

Begi la mkononi tu, siyo la chini ya ndege, na isizidi 100Wh. Kati ya 100 na 160 ni mpaka shirika la ndege likubali kwanza. Vichwa vifungwe kwa utepe. Awaulize kabla ya kufika uwanjani, kwani shirika linaweza kukataa hata iliyo chini ya kiwango, na betri isiyoandikwa Wh itabaki Dubai.

Yangu ni CG125 ya zamani, haina selfu, napiga kiki. Lithiamu itanisaidia nini? *Msomaji, Mbagala*

Itakupunguzia kilo moja hivi, basi. Pikipiki nyingi za zamani za aina hiyo hazina regyuleta ya maana upande wa betri. Betri ya risasi ndiyo inayozuia volti zisipande, kwa kuzimeza. Lithiamu haiwezi kazi hiyo. Na ukiwa umeshabadilisha balbu zote kuwa LED, mzigo umepungua na volti zitapanda zaidi. Nunua betri kavu ya 5Ah, hela inayobaki nunulia tairi la nyuma.