Maswali na Majibu: Kabla Hujalipia Chupa ya Vitamini

Maswali ya mwezi huu karibu yote yanahusu zile chupa zinazopangwa mbele kabisa kwenye kemisti: vitamini, madini, mafuta ya samaki, vidonge vya kitunguu saumu, asali za "nguvu". Mimi ni mfamasia hapa Nairobi na chupa hizo naziuza kila siku. Barua nimezifupisha, na majina nimeyaacha.

Daktari, nina miaka sita kwenye ARV, kidonge kimoja saa tatu usiku. Sasa nina mimba ya miezi minne. Kliniki wamenipa vidonge vya kuongeza damu, na kwenye kemisti ya mtaani nikauziwa vya kalisi. Nimekuwa nikivimeza vyote pamoja usiku nisisahau. Kuna ubaya? — Mama, Kawangware

Hongera kwa ujauzito, mama, na asante sana kwa kuuliza. Usiache hata kimoja. Cha kubadilisha ni saa za kumeza.

Wengi wanaomeza kidonge kimoja kwa siku wako kwenye TLD, na ndani yake kuna dawa iitwayo dolutegraviri. Madini ya chuma, ambayo ndiyo yaliyomo kwenye vidonge vya damu, na kalisi yakikutana na dawa hiyo tumboni huishika, na kilichoshikwa hakiingii kwenye damu. Kinatoka na choo. Hivyo unaweza kumeza kidonge chako kila usiku bila kukosa na bado dawa ikapungua mwilini, virusi vikapata mwanya. Kanuni ni hii: TLD imezwe angalau masaa 2 kabla ya chuma au kalisi, au masaa 6 baada yake. Ikibidi kuvimeza kwa pamoja, viwe pamoja na chakula, kamwe si tumbo likiwa tupu. Dawa za kiungulia zenye magnesi au alumini ni kali zaidi: hizo hata chakula hakisaidii, lazima zitenganishwe kwa masaa.

Kwako naona njia rahisi. Vidonge vya damu asubuhi, kalisi pamoja na chakula cha mchana, TLD ibaki saa tatu usiku. Kalisi nimeitenga na chuma kwa makusudi, kwa kuwa nayo huzuia chuma kufyonzwa. Chai pia huzuia, kwa hiyo kikombe cha asubuhi kisubiri saa moja au mbili. Chungwa badala yake litasaidia. Choo kikiwa cheusi usishtuke, ni chuma. Kidonge cha kliniki kwa kawaida kina miligramu 60 za chuma na mikrogramu 400 za asidi ya foliki, na hutolewa bure kwenye vituo vya serikali, kwa hiyo huna haja ya kununua kingine cha aina hiyo. Ukishawishiwa kununua mafuta ya ini la samaki, kataa kwanza mpaka kliniki waseme: yana vitamini A, na ile ya aina ya retinoli ikizidi yuniti 10,000 kwa siku inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Mwambie muuguzi wako yale uliyoniambia, aangalie kama kipimo chako cha wingi wa virusi kirudiwe.

Kinachoniuma ni kwamba uliuziwa kalisi na hakuna aliyekuuliza unatumia nini kingine.

Baba yangu anatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, baada ya damu kuganda mguuni. Nilimuuliza mfamasia kama vidonge vya kitunguu saumu vitagongana nayo. Alisoma nyuma ya chupa akasema, "Hii ni ya asili tu, haina shida." Kwani hamfundishwi mambo haya? — Binti, Buruburu

Tunafundishwa, dada, lakini kidogo kuliko wateja wanavyodhani. Shahada ya famasia Chuo Kikuu cha Nairobi ni miaka 5, na warfarini tuliisoma hadi usingizini. Virutubisho vilipita upesi. Ukishaanza kazi, mengi unayosikia juu yake yanatoka kwa mawakala wa kampuni wanaoleta vipeperushi vya rangi, na wakala hajaja kukueleza bidhaa yake inagongana na nini. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilimuuzia mama mmoja kalisi bila kumuuliza lolote. Baada ya miezi kadhaa alirudi amechoka, amevimba uso. Kumbe alikuwa kwenye dawa ya tezi ya shingo, anavimeza vyote viwili alfajiri, na kalisi ilikuwa inaizuia dawa. Masaa 4 ya kutenganisha yangetosha. Tangu siku hiyo swali langu la kwanza kwa mteja yeyote ni "unatumia dawa gani nyingine?", hata anayenunua vitamini ya mtoto.

Tuje kwa baba. "Ya asili" si jibu. Muarobaini ni wa asili, na sumu ya nyoka pia. Vidonge vya kitunguu saumu, vya mmea uitwao ginko, na mafuta ya samaki kwa kiwango kikubwa vinaweza kuongeza hatari ya kuvuja damu kwa mtu aliye kwenye warfarini. Multivitamini yenye vitamini K huvuta upande wa pili, ikapunguza nguvu ya dawa. Aviweke kando vidonge hivyo, na klinikini waambiwe ili wampime INR, kipimo cha muda damu inaochukua kuganda. Kitunguu kwenye mchuzi aendelee kula kama alivyozoea. Fizi zikitoka damu, akipata alama za bluu mwilini bila kugongwa, au choo kikiwa cheusi kama lami, ni hospitali siku hiyo hiyo.

Na mfamasia akikuambia, "Sina uhakika, nipe mpaka jioni nitafute," usimdharau. Mrudie huyo.

Chupa imeandikwa "imeidhinishwa na FDA". Si basi ni salama? — Msomaji, South B

Hapana. FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, haiidhinishi virutubisho kabla havijauzwa. Sheria yao ya 1994 haimlazimishi mtengenezaji kuthibitisha kwanza kwamba kinafanya kazi. Maneno hayo kwenye chupa ya vitamini yanatosha kukufanya uirudishe kwenye rafu.

Kuna asali ya pakiti ya wanaume, stendi ya matatu wanaiuza kama peremende. Wanasema ni asali na mitishamba tu. Nina miaka 58 na natumia dawa za moyo. — Mzee, Githurai

Mzee wangu, usiionje. Mwaka 2022 FDA ilizionya kampuni kadhaa baada ya kupima asali za namna hii na kukuta ndani yake dawa za hospitali za nguvu za kiume, sildenafili na tadalafili, ambazo hazikuandikwa kwenye pakiti. Mtu anayetumia dawa za moyo za aina ya nitrati, kama ile ya kuweka chini ya ulimi kifua kinapobana, akichanganya na hizo, presha inaweza kuporomoka ghafla kiasi cha kumuua. Ikifanya kazi ndani ya nusu saa, hiyo si kazi ya asali.

Tatizo lenyewe la nguvu za kiume lina tiba. Wakati mwingine linatokana na sukari, presha, hata dawa unazotumia. Mweleze daktari wako wa moyo waziwazi. Amewasikiliza wengi kabla yako.

Nina presha. Zile vitamini C za kutoa povu kwenye maji ni sawa? — Mwalimu, Kasarani

Tafuta za kawaida. Povu hilo mara nyingi linatokana na chumvi ya sodiamu, na kidonge kimoja kinaweza kubeba miligramu 200 za sodiamu au zaidi, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe 2,000 kwa siku nzima. Mapera mawili yatakupa vitamini C ya kutosha.

Nitajuaje kama ninayezungumza naye ni mfamasia kweli? Wote wamevaa koti jeupe. — Kijana, Roysambu

Tazama ukutani. Leseni ya duka na ya mhudumu hutolewa na Bodi ya Famasia na Sumu kila mwaka, na inapaswa kubandikwa panapoonekana. Kisha uliza bila woga: "Mfamasia yuko?" Kama hayupo, uliza anarudi saa ngapi.

Ukienda, tia kila unachomeza kwenye mfuko mmoja: za hospitali, za duka, za mganga, unga wa gym. Mimina vyote kaunta. Ukiwa umeshadhurika na bidhaa yoyote, ihifadhi na pakiti yake. Bodi hupokea ripoti za madhara kutoka kwa mwananchi wa kawaida pia, na mfamasia anaweza kukusaidia kuijaza palepale.