Fayaplesi usiiweke tu mahali pamebaki nafasi

Wale mnajenga na hamjafika linta, ile boriti ya juu ya milango na madirisha, ngojeni kwanza niwaambie vile fayaplesi yetu, ile meko ya ukutani ya kupasha nyumba joto, ilituaibisha.

Tulihamia Dagoretti mwezi wa sita, na mtu akikwambia Nairobi hakuna baridi huyo hajalala huko Julai. Hapo katikati ya jiji tayari ni karibu mita 1,700 juu ya bahari, na ukielekea Karen ama Dagoretti unazidi kupanda, usiku inashuka hadi digrii 10 hivi, jua linaweza kukosa wiki nzima na kuta za mawe zinakaa baridi tu kama friji.

Sasa mimi fayaplesi niliichagua kwa picha. Nilitaka mdomo mkubwa, inchi 48 kwa 36, nikaambia fundi aweke kwa ule ukuta wa nje unaoangaliana na mlango, kwa sababu ndio ulikuwa umebaki bila kitu. Siku ya kwanza kuwasha tulikuwa na wageni, dakika kumi sebule yote moshi, mama mkwe anapangusa macho na leso, akaniambia pole pole, "Mwanangu, si tungewasha tu mawe matatu huko nje."

Nikatafuta mzee mmoja fundi ambaye amerekebisha zile nyumba za kitambo za Karen. Alipanda juu ya paa akacheka. Chimni, lile bomba la kutoa moshi, inafaa kupita paa kwa futi 3 hapo inapotokea, na iwe futi 2 juu ya chochote kilicho ndani ya futi 10, yangu ilikuwa imetoka futi moja na nusu huko chini kwa mteremko wa paa, kwa hivyo upepo ukiruka kilele cha paa unasukuma moshi urudi ndani. Halafu tundu la chimni linafaa kuwa kama sehemu moja ya kumi ya mdomo. Piga hesabu: 48 mara 36 ni 1,728, na tundu langu lilikuwa inchi 9 kwa 9, yaani 81, hata nusu ya ile ilihitajika haifiki! Tukaongeza urefu wa chimni na tukajengea mdomo ndani hadi 30 kwa 27, ile picha yangu ikaishia hapo.

Ukuta wa nje nao ni shida yake. Chimni inapigwa baridi pande tatu, hewa nzito inakaa ndani kama kizibo na kila ukiwasha lazima upigane nayo. Ingekuwa ukuta wa katikati ya nyumba ingekaa na joto, ivute vizuri, na chumba cha nyuma kipate joto la bure.

Kuchagua aina sasa. Ya kuni iliyo wazi inapendeza lakini joto jingi linaenda juu na moshi. Ile stovu ya chuma yenye mlango wa kioo inakula kuni kidogo na inapasha zaidi, ningerudi nyuma ningechukua hiyo. Ya stima, stima ikipotea unabaki na pambo. Kuni ziwe zimekauka miezi sita ama zaidi, mbichi zinajaza chimni masizi ya lami ambayo siku moja yanaweza kushika moto. Na tafadhali, fayaplesi ikisumbua usiingize jiko la makaa ndani mkafunga madirisha, ile hewa yake haina harufu na inaua watu wakiwa wamelala.

Lakini kitu nilifaa kuangalia kabla ya haya yote ni watu wangu hukaa wapi. Sisi sebule ni ya wageni, familia iko kule meza ya kula karibu na jikoni, kazi za shule huko, stori huko. Siku hizi moto unavuta vizuri kabisa, unawaka peke yake na makochi, na watoto wako kule mbali wamejifunga blanketi, na huo ukuta mimi siuvunji tena.